Aliyeanzisha Wimbo

Katika Kolwezi yote, kuanzia Kasulo hadi reli ya kwenda Mutshatsha, mwanaume aliyethubutu kumkatalia Honorable Kisimba usoni ni mmoja tu: Glodi. Wengine walikohoa. Wengine waliinama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba.

Honorable, mbunge wetu, alikuwa amerudi kutoka Kinshasa na mageuzi mfukoni. Chama chake kinataka kuongeza majaji wa Korti ya Katiba, ile iliyo juu ya korti zote, na hao wapya wateuliwe na Rais peke yake. Amekuja kuuliza kama Kolwezi inakubali. Jibu letu lingepanda ndege pamoja naye.

Watu wa Kasulo hawakuhitaji mwalimu wa sheria. Wamechimba kobalti chini ya vitanda vyao wenyewe. Wanajua nyumba inavyolia mtu akianza kuchimba chini ya ukuta.

Salle ya parokia, ukumbi wetu wa mikutano, ikajaa. Glodi akasimama mulongo wa viti vya mbele, kijana mrefu, sauti safi, na sura, tuseme tu ukweli, haikuwa mbaya.

“Honorable,” akasema, “timu yako ikianza kupigwa, unaongeza ba arbitre?”

Salle ikapasuka kwa kicheko; marefa wa kununuliwa tunawajua. Hata mlinzi wa Honorable alicheka, mpaka alipokumbuka kazi yake.

“Hii ni réforme, mutoto wangu,” Honorable akajibu, huku akijifuta jasho. “Inchi inakomaa.”

“Inakomaa ao inaoza?” mtu akauliza, na kicheko kikaanza upya.

Honorable akaona mambo yanaharibika. “Basi tupige kura! Mwenye kukubali asimame. Mwenye kukataa aikale.”

Hakusimama mtu. Labda dereva wake, na yeye pia nusu-nusu, kama mtu anayetafuta choo. Kolwezi ilikuwa imekaa, na kukaa kwake kulikuwa kunasema hapana. Honorable akatazama milongo ya nyuma kama abiria anayengoja basi lililochelewa.

Hapo, kutoka nyuma, sauti ikaanzisha wimbo wa taifa.

Ninyi mnatujua. Bendera ikipanda asubuhi, mwenda kwa miguu anaganda barabarani, pikipiki inazimwa, hata mwizi anangoja. Miguu yetu inausikia wimbo ule kabla ya masikio. Salle nzima ikasimama. Wazee wakavua kofia. Mama Adolphine, muuza makala ya kupikia, ambaye magoti yake hayajamsimamia hata padri, akasimama.

“Unanimité! Wote kwa sauti moja!” Honorable akapaza sauti katikati ya ubeti, na mpiga picha akapiga. Tukamaliza wimbo tukiwa tumekubali. Jioni redio ikatangaza kwamba Kolwezi imesimama kama mtu mmoja nyuma ya mageuzi.

Nani aliimba?

Swali hilo likafikishwa kwenye carrefour yetu, ile njia panda, mbele ya muuza magazeti, pale wanaume wanaposimama kila siku kuiongoza nchi kwa mdomo. Kosa likapewa adhabu papo hapo: aliyeimba asikanyage tena carrefour hii. Kidole kikamwelekea Banza, muuza uniti za simu, kwa sababu ni mwimbaji wa kwaya. Na Banza akifunga parasoli yake, mwavuli anaouzia chini yake, watoto wake watakula nini?

“Mi naimba basse, ya chini kabisa!” Banza akalia. “Ule mutu aliimba ténor, ya juu! Muulize maître wa kwaya!”

Waamuzi wa carrefour ni wazee watatu, na wawili walianza kumwonea huruma. Glodi, mpenda haki, akaona hatari. Akapendekeza wawe watano. Akawaleta Gael, binamu yake, na Lucien, kinyozi wake.

“Hii haiko réforme,” akawaeleza. “Ni kuwasaidia tu bazee, bamechoka.”

Bazee wakasema hawajachoka. Gael na Lucien wakakaa.

Kilichobaki kilikuwa shahidi. Na nani angefaa kuliko yule yule aliyemkatalia Honorable usoni? Glodi akapanda juu ya kreti ya bia. Akaeleza yote tangu mwanzo, salle, ba arbitre, jasho, wimbo, bila kuongeza chumvi hata punje. Akaapa kwamba aligeuka nyuma na kuona kwa macho yake mdomo wa Banza ukifunguka.

Na bado yuko juu ya kreti, waheshimiwa waamuzi, na huyo Glodi ni mimi. Ndiyo haya mumesikia. Mi nimemaliza. Banza afunge parasoli yake, aende na Mungu.

“Shuka pale juu, Glodi,” akasema Mama Adolphine, akitua gunia lake la makala. “Ile maneno ya ba arbitre, ni Banza njo aliisema, na alikuwa kule mbele. We ulikuwa nyuma kabisa, pembeni yangu. Ulianzisha wimbo juu sana, mwana yangu. Mi njo nilikuambia: shusha kidogo, hatutafika.”