Tope la Bondeni

Fundi Kombo aliegemeza tairi mbili ukutani, moja ya njia zote, nyingine ya matope, yenye meno marefu kama ya mamba. "Shemeji hupita wapi zaidi?"

"Kwenye changarawe tu," alijibu Makame. Mkewe, Havijawa, alikuwa daktari wa mifugo, na gari lilikuwa lake.

Kombo akachokonoa tairi kuukuu kwa bisibisi. Likadondoka donge jeusi, bado bichi. Makame aliliokota, roho ikimchoma. Udongo mweusi namna ile uko Bondeni peke yake, na Bondeni anaishi Shaali, mtalaka wa Havijawa, ambaye hafugi hata kuku.

"Funga hizi za njia zote."

"Bondeni zitateleza, bwana. Gari litakwama."

"Na likwame! Asifike!"

Kombo akafunga zote nne. Havijawa akaja, akachukua ufunguo, akamshukuru mumewe kwa tabasamu, akaondoka.

"Kwenda kule ni mteremko, atafika tu," Kombo alisema, akifuta mikono. "Watu hukwama wakati wa kurudi."

Makame alibaki na donge mkononi. Juu ya Bondeni wingu lilikuwa limeanza kujikusanya.