Tumbo la Mbu

Apa kwanza kwamba hutamwambia mtu! Haya, sogea.

Mtoto wa nyumba moja alishikwa na homa kali, wadudu wote wakamgeukia Buibui, mama wa watu, mkimya, kakumbatia mfuko wake wa mayai. Mende akafoka, "Miguu minane ya kutisha! Ni wewe tu unayemuumiza mtoto. Hama leo!" Kasema hayo katoka chooni sasa hivi, anatembea juu ya sahani.

Mbu naye kwa sauti tamu, "Mie nawaimbia tu, mashoga. Huyo atoke."

Buibui akawaza. Atahamaje, na mayai hayajaanguliwa? Akasema, "Nitahama. Ila kwanza kila mtu asimame kwenye jua la dirishani, tuone tumbo lake lina nini."

Mbu alipopigwa na jua, tumbo lilikuwa jekundu pyu, damu ya mtoto! Akakurupuka kukimbia, lakini shibe ilimlemea, akaangukia utandoni.

"Karibu, shoga," akasema Buibui. "Sihami tena."

Aliyenihadithia ni Mende yuleyule. Kaja jikoni kwangu kujuta, huku kasimama ndani ya sufuria yangu! Nikamsamehe kwa kandambili.