Tumbo la Jalada

“Jalada hili halina mgongo,” alisema fundi wa kujalidi vitabu, akilikunja kwa vidole viwili. “Niletee makaratasi ya kutupwa. Nitayabandika moja juu ya jingine kwa gundi. Yakikauka, yatakuwa magumu kama ubao.”

Mshairi alirudi nyumbani mbio. Beti zake mia tatu alikwisha kuzinakili kwa hati nzuri. Zilisubiri vazi tu. Bila dibaji ya mwalimu wake wa zamani hakuna mchapishaji ambaye angezigusa, na mwalimu huyo hakupata kumsifu mtu tangu aanze kuvaa miwani.

Karatasi zake mwenyewe hazikutupwa kamwe, hata yenye doa la wino. Akaingia jikoni, akafunua kopo ambamo mkewe huweka vikaratasi vyake.

“Mama watoto, hizi hesabu zako za unga na chumvi una kazi nazo?”

Mkewe alipangusa mikono, akavitazama kitambo. “Chukua, baba watoto. Na vyangu navyo viingie kitabuni.”

Wakacheka wote wawili. Mshairi alicheka zaidi.

Siku ya nane baada ya kupelekewa diwani hiyo ya mashairi, Mwalimu alimwita. Alimkuta ana macho mekundu na leso mkononi. Mezani, kurasa zilikaa upande mmoja, safi, hazijaguswa na tone. Upande wa pili jalada, limeumuka na kubanduka tabaka kwa tabaka.

“Niwie radhi,” alisema Mwalimu. “Nililimwagia birika la maji kabla hata sijaketi.”

“Jalada si kitu, Mwalimu! Kitabu ni maneno.”

“Umesema kweli. Miaka arubaini sijalia kwa shairi, mwanangu. Juzi nimelia.” Akafumba macho, akaghani:

“Chungu changu ki mekoni, chacheka hakina kitu…”

Mshairi hakuukumbuka mshororo huo. Lakini mwenye beti mia tatu atazikumbuka zote? Akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

“Sifa zote ni za Mola, Mwalimu. Huo ulinitoa jasho.”

Mwalimu alifumbua jicho moja, akaendelea:

“Na mume yumo chumbani, avihesabu vina tu.”

Kisha akavuta kalamu. “Dibaji i tayari. Nimebakiza jina. Mkeo anaitwa nani?”