Ndani ya Upindo

Kila asubuhi binti alimfunga mama yake vifungo vya gauni, kuanzia chini kwenda juu, na mama alitulia kama mteja anayejaribishwa nguo. Leo, alipofika kifungo cha tatu, mama alimdaka mkono.

"Dada, gauni lako hili kakushonea nani?"

"Wewe, mama."

"Usinitanie bwana." Akaukunjua upindo wa mkono wa gauni la binti, kama alivyozoea kukagua kazi za mafundi wenzake. "Huyu ni fundi hasa, si hawa wababaishaji wa siku hizi."

Ndani ya upindo palikuwa na herufi za uzi mwekundu, ndogo kama punje za mchele. Binti hakuwahi kuziona. Alikumbuka tu kwamba mwaka jana, siku daktari aliposema ugonjwa wa kusahau utazidi, mama alikusanya nguo zote za bintiye, akadai anakaza mishono.

Sasa mama alizifuata herufi kwa kidole, akasoma polepole.

"Huyu ni mwanao. Usimwogope."

Akainua macho. Akamtazama binti usoni kwa muda mrefu, kisha akalitazama begi lililofungwa tayari nyuma ya mlango.

"Tunakwenda wapi, mwanangu?"

Tangu juzi binti alikuwa akimwambia wanakwenda kutembea.

"Si matembezi, mama. Nakupeleka nyumba ya wazee, ukakae huko. Nilitaka nikuache bila kukuaga."