Bangili ya Mama Jaha

Kila mzee aliyeishi peke yake alivishwa bangili. Kila siku kabla ya adhuhuri ilipaswa kusikia mtu mwingine akimwita kwa jina lake la kitambulisho, la sivyo gari lilikuja kumchukua, kwa kuwa hana mtu. Waliochukuliwa hawakuonekana tena.

Mama Jaha alimzika Jaha wake zamani. Aliyebaki kumwita ni jirani yake, Bi Saumu, ambaye sasa kumbukumbu zilikuwa zinamtoka. Kila jioni Mama Jaha alimwogesha, akamlisha, akamfundisha kumwita: "Siwema Mbaruku. Sema, shoga." Mchana hakuweza kumdokezea, maana bangili ilikataa jina ambalo mwitaji ametajiwa papo hapo.

Leo jua lilikuwa karibu utosini na bangili zote mbili bado nyekundu.

"Niite, Saumu. Nakuomba."

Bi Saumu alimtazama, uso ukamchanua. Akamgusa shavu. "Mama Jaha."

"Jina langu lile jingine."

"Jingine lipi? Miaka yote wewe ni Mama Jaha. Mimi nikusahau wewe?"

Bangili haikubadilika. Gari likasikika likikata kona ya mtaa.

Mama Jaha akaushika mkono wa shoga yake. "Saumu Hemedi Kombo," alitamka polepole, na bangili ya Bi Saumu ikageuka kijani. Akamfunga kanga vizuri, akamsogezea uji, akaenda kufungua mlango kabla hawajabisha.

Bi Saumu alikuwa salama mpaka kesho adhuhuri.