Kuinua Landrova ya Mulwa

Kifuniko cha sufuria kilianza kugongagonga kabla jogoo hajawika. Mwongeli akavuta kuni moja nje ya moto. Muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ilikuwa karibu kuiva, na hakutaka mkwe wake aanze kazi na njaa.

Alikuwa amefika jana mchana na fundi mmoja na magurudumu manne makubwa. Hakuingia jikoni wala hakunyoosha mkono. Alisimama nyuma ya ukuta, kama inavyotakiwa, akakohoa kidogo.

"Mama, ni mimi, Nzioka wa Wayua. Nimekuja kuinua ile Landrova."

Mwongeli akajifunika leso hadi kwenye paji la uso, akamjibu akiangalia moshi.

Hiyo ndiyo nthoni. Mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Pale Matiliku wengi kanisani walikuwa wameiacha, na hata mke wa pasta alikula meza moja na wakwe zake. Mwongeli hakuweza. Siku mbuzi wa ntheo, wa kumposa Wayua, walipoletwa, alimwona Nzioka viatu tu. Na mwaka jana alipokwenda kwa binti yake Wayua, ng'ambo ya Mutomo, mkwe alikuwa akikohoa kwa mbali kila alipotaka kupita, ili mama apate nafasi ya kugeuka.

Wayua alikuwa mjamzito tena. Mimba ya kwanza, gari dogo la jirani lilizama kwenye mchanga wa mto wakimkimbiza hospitali. Maji yalikuja yakaingia hadi kwenye viti. Walipotoka, mtoto hakuwa hai.

Kwa hiyo Mwongeli alisimama kanisani akaomba maombi. Alisema yote: binti yake, mto ule, mkwe wake Nzioka asiye na gari, na Landrova ya marehemu mume wake Mulwa iliyolala chini ya mabati. Watu wengi walikuwa wamekuja kuinunua akakataa. Kama ingeinuliwa kidogo, alisema, ingemvusha Wayua. Mungu alikuwa amesikia upesi kuliko alivyotarajia.

Asubuhi ile fundi Githaiga, kijana mnene mwenye kelele, alifungua bolti zinazoshika bodi kwenye chesisi, fremu ya chini. Akatoa paipu za rejeta, akalegeza usukani, akaweka jeki juu ya gogo. Bodi ikaanza kupanda polepole, ikilia. Mwongeli akashika kifua.

"Usiogope, shosho. Chesisi inabaki pale pale. Tunamvalisha mzee viatu virefu tu!"

Alisukuma kati ya bodi na chesisi vipande vyeusi vya mviringo, vigumu, vyenye unene wa mche wa sabuni, kisha akaingiza bolti ndefu. Alifanya upande mmoja, akahamia wa pili.

"Hizi za zamani watu wa Nairobi wanazitafuta kama dawa," akasema. "Ungeuza, shosho, ungejenga ghorofa."

Mwongeli hakuyapenda maneno hayo. Tangu hapo hakuondoka karibu na fundi, akiangalia mikono yake na mifuko yake.

Mkwe ndiye aliyemtuliza moyo. Bila kuombwa alijaza mapipa yote maji na kutengeneza mlango wa banda la kuku. Mwongeli alipompelekea chakula, alikiweka juu ya jiwe, akaondoka, naye akaja kukichukua.

Githaiga akacheka hadi spana ikamponyoka. "Kwani mmekosana? Kila mtu anaongea na ukuta!"

"Hatujakosana, mwanangu. Ndivyo tunavyoheshimiana."

"Basi huyu ana heshima kweli. Tangu anichukue Emali haongei. Hata jina lake nimelijua hapa kwako."

"Muulize miguu ya Wayua bado inavimba?"

Mkwe akajibu mwenyewe kutoka upande wa pili wa gari. "Anaendelea vizuri, mama. Tunamshukuru Mungu. Lakini usimpigie simu leo. Nataka aamke tu alione gari mlangoni."

Mwongeli akatabasamu ndani ya leso. Mulwa naye alikuwa mtu wa namna hiyo.

Jioni Landrova ilisimama kwenye magurudumu mapya, juu sana, kama si ile aliyoijua. Mwongeli aliweka mkono kwenye boneti akaiombea. Akapakia kuku wawili, unga wa wimbi wa uji wa mzazi, na shali ya mtoto aliyoifuma mwenyewe. Ile shali ilikuwa imeshafumwa kwa ajili ya yule wa kwanza. Ufunguo aliuweka juu ya jiwe.

"Asante, mama," sauti ikasema. "Umetuokoa."

"Nenda polepole, baba. Umebeba roho yangu."

Alisikiliza ngurumo hadi ikapotea upande wa barabara kuu. Akaketi. Akaosha vyombo. Akajaribu kushona kitu, akakiacha. Siri ilikuwa imemjaa hadi kooni, na mama hawezi kumficha binti yake furaha kubwa hivyo. Akachukua simu.

"Mama!" Wayua alikuwa anacheka kabla Mwongeli hajasema neno. "Umejuaje tunakuzungumzia? Nzioka huyu hapa kitandani, malaria imemlaza tangu Jumapili, na aliposikia ni wewe amejifunika blanketi hadi kichwani kwa heshima. Anasema nikuombe, mama, uje ututembelee tena."