Alichompa Afande

Kwa mara ya tatu asubuhi ile mume alipiga magoti kuzinyoosha pembe za shuka. Mkewe, fundi cherehani, alisimama mlangoni na tepu ya kupimia shingoni, midomo kaibana kama mtu mwenye pini mdomoni.

"Kwani anakuja kulala humo?"

"Anakuja kunywa chai tu," mume akajibu. "Lakini afande hukagua."

Afande! Miaka thelathini na moja tangu mambo ya ukadeti, na bado neno hilo lilimnyoosha mzee huyu mgongo kuliko dawa yoyote ya kuchua. Mwanamke yule, mkufunzi wake wa zamani, alimfinyanga, naye akafinyangika. Akitoka chumbani kwenda jikoni hapindi kona kama binadamu wengine. Husimama, hugeuka kwa kisigino, ndipo aendelee. Chakula hukimaliza kwa dakika nne. Kwenye foleni hunyoosha mkono kupima nafasi na aliye mbele yake, na kibao ameshakula kwa hilo. Watoto walipokuwa wadogo hawakupanda basi bila kujihesabu kwa sauti. Mama mkwe, Mungu amrehemu, akimwita, alikuwa akijibu, "Naam, afande!" na mama wa watu akaizoea, hata akawa anamwita bila shida yoyote, aitikiwe tu.

Mtaa mzima ulimwita Koplo. Mkewe peke yake alikataa. Yeye alimwita "wewe".

Jambo moja tu mafunzo hayakumwingia: kung'arisha viatu. Kazi hiyo ilikuwa ya mke tangu walipojuana, yeye binti wa miaka kumi na saba, na kijana akamjia na tabasamu mdomoni na buti mkononi. Hata siku hii, na wivu wake wote, alikwenda kuketi kwenye ngazi ya uani na kitambaa na kopo la kiwi. Anatema mate, anasugua, anatema, anasugua, mpaka akayaona meno yake juu ya kiatu, na pengo lake pia.

Msusi wa nyumba ya pili alimkuta hapo, kitana kimechomekwa kwenye nywele.

"Shoga, unamng'arishia viatu ili apendeze mbele ya huyo bibi? Basi mpake na manukato."

"Niache. Leo nina langu."

"Alimfanya nini mumeo, mwanamke huyo?"

"Alimpa kilichokuwa changu."

Msusi akakichomoa kitana. "Alimpa?"

"Akampa."

"Wapi?"

"Uwanjani. Mchana kweupe."

"Uwanjani! Watu hawakuwaona?"

"Waliwaona wote. Wakapiga na makofi."

Msusi akaketi bila kutazama, akaketia ndoo. "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Hatua tatu tu kutoka pale. Nimekakamaa, macho mbele. Hata ukope sikupepesa."

"Mie ningemng'oa nywele! Na mumeo hajawahi kukuomba radhi?"

"Radhi? Hujisifu! Kila mgeni akiingia humu husimuliwa, mwanzo mpaka mwisho."

"Hana haya, Koplo wa watu. Na sura ile ya upole!"

"Wivu hauoti mvi, shoga. Kila akinigeuzia mgongo kitandani, ninakiona pale pale begani mwake." Akageuza kiatu, akasugua na kisigino. "Leo namuuliza huyo mwanamke, uso kwa uso. Asiponipa jibu la maana, huyu bwana atandike kochi la sebuleni. Na alale nalo mpaka kiama."

Saa tisa kasoro dakika tano mlango ukagongwa. Mume alivuta tumbo ndani, kifungo kimoja kikalegea kwa furaha, akapiga saluti.

Afande alikuwa bibi kizee mdogo, fimbo mkononi, mgongo kama rula. Alipitisha kidole juu ya kabati. Akachungulia chumbani, akakiangalia kitanda, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mume akavimba kama andazi.

"Hujabadilika, Koplo."

"Naam, afande!"

Akaruhusiwa kuketi. Dirishani, pazia likatikisika. Upepo wenyewe ulikuwa na kitana mkononi.

Mke akaingia na sinia. Vikombe vitatu, masikio yote yameelekea upande mmoja. Akaviweka mezani bila kumwaga tone, akarudi nyuma hatua moja, akabana visigino, mikono ubavuni.

"Afande! Naomba ruhusa ya kusema."

Bibi kizee akamtazama kutoka miguuni mpaka usoni. Macho yakamng'aa.

"Sema, kadeti."

"Ule ukoplo. Tulibaki wawili, mimi na yeye. Kwa nini ulimpa yeye ukaniacha mimi?"

Nje ya dirisha, kitana kikaanguka.

Afande hakuhitaji kufikiri. "Mlilingana, binti yangu. Gwaride, kitanda, shabaha, nidhamu, hata sauti. Usiku mzima nilikosa pa kuwatenganishia. Asubuhi kwenye ukaguzi nikatazama chini." Akapuliza chai yake. "Buti zako zilikuwa safi, sikatai. Lakini za huyu, wallahi, niliyaona meno yangu."

Mke akageuka kumtazama mumewe. Naye Koplo, taratibu, bila amri ya mtu, akaanza kurudisha miguu yake chini ya kiti.